Vyura Wadogo: Nani Atawalisha Chemchemi Ikikauka?



Katika toleo hili hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala bei ya kahawa. Tunazungumza juu ya chura. Tunajua kuna watakaocheka, na wengine watakumbuka habari ya Kutoka sura ya 8, vyura walipotoka mtoni wakajaa ndani ya nyumba za Misri mpaka kwenye meko. Lakini tunaomba msome hadi mwisho, kwa sababu habari hii inahusu maji yenu na shamba lenu.

Kila msimu wa mvua, hapa Meru na Embu, watoto huja nyumbani na mkebe wenye viluwiluwi au vyura wadogo sana. Wanataka kuwafuga. Walimu nao huwaweka darasani ili watoto wajifunze. Baada ya siku tano au sita wengi wa vyura hao wamekufa, na hakuna anayejua ni kwa nini. Maji walikuwa nayo, na majani waliwekewa. Basi walikosa nini?

Tutaeleza kwanza jinsi chura mdogo anavyolishwa na kulelewa ndani ya beseni au tangi la kioo. Halafu tutasimulia habari ya kweli kutoka kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako vyura wa aina moja walibaki duniani ndani ya matangi peke yake. Mkijua ugumu wa kazi hiyo, mtajua pia chemchemi yenu inawafanyia kazi gani bila kudai malipo.

Chura gani tunasema?

Kwa Kiswahili tunaita wote "chura", lakini wako wa namna nyingi. Yule mwenye ngozi laini na miguu mirefu, anayeruka mbali, hukaa karibu na maji siku zote. Yule mnene, mwenye ngozi kavu yenye vipele na miguu mifupi, anatembea na kurukaruka kidogo tu. Huyu ndiye tunayekutana naye usiku mlangoni, chini ya taa, au chini ya jiwe shambani. Katika makala hii tutamwita chura wa shambani. Kuna hata aina moja ya chura huyu ambayo wataalamu waliipa jina mwaka 1968 kwa kufuata mlima wetu Kirinyaga. Kwa jina la kitaalamu anaitwa kerinyagae.

Chura wa shambani haleti chunjua mkononi. Hiyo ni hadithi tu. Ila nyuma ya macho yake ana tezi mbili zenye sumu nyeupe, ambayo humkinga asiliwe. Mbwa akimuuma atatoa mate mengi na povu. Mtoto asimtie chura mdomoni, na kila anayemshika anawe mikono kabla ya kugusa macho au chakula.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Neno "viluwiluwi" tunalitumia kwa watoto wa chura na kwa watoto wa mbu pia. Afisa wa afya akisema tuangamize viluwiluwi, anasema wa mbu. Wale ni wembamba kama kipande cha uzi, wananing'inia chini ya uso wa maji na kujinyonganyonga wakishtuliwa. Watoto wa chura wana kichwa kikubwa cha mviringo na mkia mmoja bapa, na wale wa chura wa shambani huwa weusi. Mwageni maji ya mbu yaliyo kwenye mikebe na matairi, lakini wa chura waacheni.

Anakula nini?

Chura wa shambani mtu mzima hula karibu kila kidudu kinachotembea mbele yake na kinachoweza kuingia mdomoni: mchwa, siafu, mende, nondo, mbawakawa, na wale viwavi wanaotoka usiku kukata miche ya sukumawiki. Hufanya kazi hiyo wakati sisi tumelala. Hatusemi kwamba atamaliza wadudu wote wa shamba, au kwamba atawatoa viwavi jeshi waliotufikia Kenya mwaka 2017. Lakini ni mfanyakazi mmoja kati ya wengi, pamoja na ndege, buibui na popo, na hadai mshahara.

Wafuga nyuki wa Mbeere na Tharaka wajue kwamba hula nyuki pia, akikaa mbele ya mzinga ulio chini. Dawa yake si kumuua. Inueni mzinga juu ya nguzo au mtini, basi.

Sasa sikilizeni jambo muhimu. Chura hali kitu kisichosonga. Jicho lake linaona chakula pale kinapotembea. Ukimwekea ugali, nyama, au inzi aliyekufa, atakaa kando yake mpaka afe kwa njaa. Hilo ndilo linalowaua wale wa watoto wetu. Walipewa majani, na kumbe chura mdogo hali majani kabisa. Aliyekula majani ni kiluwiluwi.

Tena chura hanywi maji kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi ya tumbo akikaa mahali penye unyevu. Maana yake ni kwamba kila kilicho ndani ya maji hayo kinaingia mwilini mwake: sabuni, dawa ya kahawa, dawa ya kuua magugu, mafuta ya taa. Ngozi yake haiwezi kuchuja.

Kutoka yai hadi chura

Mvua ikishanyesha, jike hutaga mayai yake katika maji yaliyotulia. Mayai yamo ndani ya kamba ndefu kama utepe wa utelezi, na yanaweza kufika maelfu. Baada ya siku chache viluwiluwi hutoka. Hukwangua kijani kilicho juu ya mawe na kula mabaki ya mimea. Miguu ya nyuma huota kwanza, kisha ya mbele, halafu mkia unafyonzwa ndani ya mwili. Kazi yote huchukua wiki tano hadi nane hivi, kutegemea joto la maji.

Wakati miguu ya mbele inapotoka, mnyama huyu habaki kama alivyokuwa. Hali chochote kwa siku kadhaa, anaishi kwa mkia wake mwenyewe. Anaanza kuvuta hewa, na asipopata mahali pa kupanda atoke majini, atazama. Ndiyo, chura anaweza kuzama. Akishatoka ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kuanzia hapo anahitaji nyama iliyo hai, ndogo sana, kila siku.

Kulea vyura wadogo ndani ya tangi

Kwanza, sheria. Chura wa porini ni mnyamapori, na chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 wanyamapori hawafugwi wala kuuzwa kiholela. Shule au kikundi cha vijana kikitaka kuweka tangi la mafunzo, kiulize kwanza ofisi ya KWS iliyo karibu. Wachukuliwe wachache, kwa wiki chache, na warudishwe pale pale walipotolewa.

Mkipata ruhusa, fanyeni hivi:

1. Chombo. Tumieni tangi la kioo au beseni pana la plastiki ambalo halikuwekwa dawa wala sabuni. Juu funikeni kwa kipande cha neti, ili hewa ipite na vyura wasitoke. Msitumie chandarua kilichotiwa dawa ya mbu, kwa sababu dawa hiyo itaua chakula chao na wao pia.

2. Sakafu. Wekeni udongo wenye unyevu, kina cha vidole viwili, kutoka mahali pasipo na mbolea ya dukani. Juu yake tandazeni majani makavu na kipande cha gome la mti. Gae la chungu lililofunikwa litakuwa nyumba yao ya mchana. Upande mmoja uwe na unyevu zaidi, na mwingine ukauke kidogo, ili wachague wenyewe.

3. Maji. Wekeni kifuniko cha mkebe chenye maji ya kina kidogo, na kijiwe ndani yake cha kupandia. Maji ya mvua au ya chemchemi ni mazuri. Ya mfereji uliotiwa dawa, yaacheni wazi kwenye beseni siku nzima kwanza. Badilisheni kila siku.

4. Mahali. Tangi likae kivulini. Jua likipiga kioo kwa saa moja tu, mtawakuta wamekauka.

5. Idadi. Chura mmoja awe na nafasi ya kutembea. Wakisongamana, uchafu huzidi, wadogo hukosa chakula, na wakubwa wanaweza kumeza wadogo.

6. Kushika. Mikono iwe imelowa maji safi, bila sabuni, mafuta wala tumbaku. Afadhali msiwashike kabisa.

Wanaoanza na viluwiluwi wawape kijani kilichochemshwa kikalainika, kama spinachi au sukumawiki, kiasi kidogo sana. Mabaki yaondolewe kabla hayajaoza. Miguu ya mbele ikitokea, inamisheni chombo au wekeni jiwe ili wapate ufuo.

Kufuga chakula cha chura

Hapa ndipo kazi ilipo. Chakula kisizidi upana ulio kati ya macho mawili ya chura. Kwa chura wa ukubwa wa punje ya haragwe, hicho ni kidudu kidogo mno. Viko vya aina tatu mnavyoweza kupata hapa kwetu.

Cha kwanza ni vile vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana. Wekeni ndizi au ganda la embe ndani ya mkebe na kuuacha wazi kivulini kwa siku mbili. Vijinzi vikishaingia na kutaga, funikeni kwa kitambaa chepesi. Baada ya wiki mbili hivi kizazi kipya kinaruka. Mnahitaji mikebe kadhaa iliyoanzishwa kwa zamu, la sivyo kuna siku hamtakuwa na kitu.

Cha pili ni wadudu weupe wadogo wanaorukaruka ndani ya mboji na majani yanayooza. Kung'uteni majani hayo juu ya karatasi nyeupe mtawaona. Hawa ndio wanaofaa zaidi siku za mwanzo.

Cha tatu ni vidukari walio chini ya majani ya kunde au sukumawiki, mradi shamba hilo halikunyunyiziwa dawa. Vyura wakikua wapeni mchwa, na watoto wa nyenje.

Msiwape kitu kimoja siku zote. Anayelishwa vijinzi vya ndizi peke yake hukosa chokaa ya mifupa. Miguu yake hulegea na kupinda, kama mtoto mwenye matege. Wanaofuga vyura kwa kazi ya utaalamu huwapaka wadudu unga wa chokaa na vitamini kabla ya kuwalisha. Nyumbani mnaweza kusaga ganda la yai likawa laini kama unga wa ngano, mkawatikisa wadudu ndani yake.

Tufanye hesabu. Tuseme chura mdogo mmoja anakula vijidudu 10 kwa siku. Vyura 20 watakula 200. Kwa mwezi wa siku 30 ni vijidudu 6,000, na kila kimoja kiwe hai, kidogo, safi, na kifike kwa wakati wake. Hao ni vyura 20 tu. Kwenye kinamasi kimoja kidogo kilicho chini ya chemchemi yenu, mvua zikiwa nzuri, hutoka mamia. Nani huwalisha hao wote?

Habari ya Kihansi

Sasa twende kusini mwa Tanzania, kwenye milima ya Udzungwa. Huko kuna mto uitwao Kihansi, ambao huporomoka kwenye bonde lenye kuta za mawe. Maporomoko yake yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima. Ndani ya manyunyu hayo, kwenye eneo la hekta 2 hivi, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimkuta mwaka 1996 na kumpa jina la kitaalamu mwaka 1999. Mkubwa wao hafiki sentimita 3. Tena hatagi mayai majini. Jike huzaa watoto walio hai, wadogo kama nusu sentimita.

Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa kwenye mto huo. Sisi wa Embu tunaelewa jambo hili, kwa kuwa tunaishi na mabwawa ya Tana: Kindaruma tangu 1968, Kamburu tangu 1974, Gitaru tangu 1978, Masinga tangu 1981, na Kiambere tangu 1988. Umeme ni baraka, na Tanzania iliuhitaji sana. Mtambo wa Kihansi una uwezo wa megawati 180. Lakini ulipoanza kazi, karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji ya mto ziliingia kwenye handaki la mitambo. Manyunyu yakakatika. Ule ukijani wa bondeni ukaanza kukauka.

Serikali ya Tanzania na wataalamu hawakukaa kimya. Mabomba yalipitishwa bondeni yenye midomo midogo ya kurushia maji, ili kuiga manyunyu. Na mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walikusanywa na kupelekwa kwa ndege hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko New York. Baadaye waligawanywa kwa bustani nyingine kadhaa.

Kule bondeni vyura walionekana kupata nafuu kwa muda. Lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla. Kwenye mizoga ilipatikana kuvu ya ngozi iitwayo kitridi, ambayo imeua vyura wa aina nyingi katika mabara mbalimbali. Ilipofika mwanzo wa 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na baada ya 2005 hakuonekana tena hata mmoja. Mwaka 2009 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Hao wa ndani ya matangi ndio waliokuwa wamebaki duniani kote.

Hata ndani ya tangi walikufa

Hapa ndipo tunaomba mtulie. Mtu angedhani waliofika Marekani wameokoka, kwa maana kuna madaktari wa mifugo, umeme usiokatika, maji yaliyochujwa, na watu wanaolipwa kuwaangalia. Lakini kati ya wale 499, kufikia mwisho wa 2004 walikuwa wamebaki pungufu ya 70. Minyoo ya mapafu iliwaua, maambukizi yaliwaua, na lishe na mwanga vilikuwa bado havijawafaa.

Walezi walijifunza polepole. Walitengeneza mashine za kurusha manyunyu. Waliweka taa maalumu zenye mwanga unaofanana na wa jua, ili miili ya vyura iweze kutumia chokaa ya mifupa. Walifuga vijinzi vya matunda, wadudu wa mboji na watoto wa nyenje waliotoka kuanguliwa, wakawapaka unga wa vitamini, na kuwagawa kwa vinywa ambavyo ni vidogo kuliko tundu la kifungo. Kila tangi likawa na vyombo vyake, ugonjwa usivuke kwenda jingine. Miaka ikapita, wakaanza kuzaana kwa wingi kwenye bustani za Bronx na Toledo.

Mwezi wa Agosti 2010, vyura 100 walirudishwa Tanzania, kwenye nyumba maalumu iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watanzania wenyewe wakachukua kazi ya kuwalea na kufuga chakula chao. Kuanzia 2012 baadhi yao walianza kurudishwa bondeni Kihansi, chini ya yale mabomba ya manyunyu. Ilikuwa jambo la ajabu, chura aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Lakini hata sasa kuishi kwake bondeni kunategemea mabomba yanayotunzwa na watu. Bomba likiziba na asipatikane wa kulizibua, hana manyunyu.

Mnaona hesabu yake? Miaka 12 ya kazi, nchi mbili, ndege, madaktari na matangi, ili kufanya kile ambacho maporomoko yalikuwa yakifanya yenyewe, usiku na mchana, bila mlezi.

Hapa kwetu je?

Chura wetu wa shambani si haba kama yule wa Kihansi. Bado yuko wengi. Ndiyo maana tunaandika sasa, kwani ni rahisi kulinda kilichopo kuliko kutafuta kilichokwisha.

Tukitazama kwenye miteremko yetu, kutoka Manyatta na Runyenjes hadi Imenti na Tigania, tunaona mambo matatu. Kwanza, chemchemi zimepandwa mikalatusi mpaka kwenye jicho la maji, na miti hiyo inakunywa. Pili, vinamasi vimechimbiwa mitaro vikauke, tupate kipande kingine cha kulima. Tatu, pampu za dawa zinaoshwa mtoni au kisimani, kwa sababu ndiko maji yaliko.

Chura anahisi mambo haya kabla yetu, maana anakunywa kwa ngozi. Mahali ambapo zamani mvua ya kwanza iliamsha kelele za vyura usiku kucha, na sasa ni kimya, wazee waulizwe: ni nini kimebadilika kwenye maji? Kimya hicho si ushahidi kamili. Lakini ni sababu ya kutosha kwenda kutazama, kwa kuwa maji yale yale ndiyo yanayojaza mitungi ya kina mama.

Na kuhusu ile kuvu ya kitridi, imeshapatikana Kenya pia. Hivyo vyura wasihamishwe kutoka bonde moja kwenda jingine, hata kwa nia njema. Mtoto wa Chogoria asiachilie vyura wake Nkubu. Maji ya tangi yamwagwe kwenye udongo mkavu mbali na mto, na beseni likaushwe juani.

Mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya msimu huu

1. Zungusheni ua wa matawi au waya kwenye chemchemi, ng'ombe wasiingie. Wekeni hori la kunyweshea chini zaidi.

2. Ondoeni mikalatusi iliyo karibu na jicho la maji kidogo kidogo, na mpande miti ya kwetu kama mukuyu na muringa. Kabla ya kukata chochote kando ya mto, ongeeni na chama cha watumiaji wa maji ya mto wenu, yaani WRUA, mjue mpaka unaotakiwa na sheria.

3. Bakizeni kipande cha kinamasi chini ya chemchemi, hata kama ni cha upana wa nyumba moja. Nduma zinaweza kukaa pembeni, lakini katikati paachwe.

4. Chagueni mahali pa kuoshea pampu za dawa, mbali na maji, penye shimo. Msinyunyize dawa jioni ya mvua, wakati vyura wanatoka.

5. Wenye mabwawa ya samaki au ya kuvuna mvua yaliyotandikwa karatasi ya plastiki, ning'inizeni gunia au tawi kutoka ukingoni hadi majini. Kuta zile zinateleza, na vyura wadogo huzama kwa kukosa pa kupandia.

6. Bustanini acheni rundo la mawe au gogo, na chungu kilichovunjika kikigeuzwa juu chini. Hiyo ni nyumba ya chura. Gharama yake ni sufuri.

7. Tangi la shuleni likiwekwa, watoto wapewe kazi ya kuandika kila siku walichowalisha na idadi yake. Mwisho wa wiki mbili watawaeleza wazazi wao kazi ya chemchemi kuliko sisi tunavyoweza.

Kitabu cha Mwanzo sura ya 2 kinatuambia kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima tumejifunza vizuri sana. Kutunza ndiko kunakohitaji mkutano mwingine wa kikundi.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano

- Ni chemchemi ngapi za hapa kijijini zilikuwa na maji mwaka mzima wakati wa wazazi wetu? Leo ni ngapi?
- Ni nani kati yetu anayeosha pampu mtoni, na tumtafutie mahali gani pengine?
- Msimu uliopita tulisikia vyura wapi usiku, na wapi palikuwa kimya?
- Tukianza na chemchemi moja tu, ni ipi, na nani atashika jembe Jumamosi ijayo?